Harufu ya Maji Safi

Siku mgeni rasmi alipokunywa maji ya kiwanda mbele ya umati, ni watu watatu tu waliojua kwamba hakunywa maji ya kiwanda. Mmoja wao alikuwa Mama Vidudu. Alijua kwa sababu jagi alilijaza yeye mwenyewe, nusu saa kabla ya hotuba, kwa chupa sita za maji ya dukani, mlango wa maabara ukiwa umefungwa kwa ndani. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siku hiyo kata ilikuwa yeye.

Kiwanda kile kiligeuza makaa ya mawe kuwa dizeli. Watu wa mjini walidhani kinachotoka humo ni mafuta na moshi tu. Hawakujua kwamba kila pipa la dizeli lilizaliwa na pacha wake, pipa la maji, tena pacha huyo mnene kidogo kuliko mwenzake, akinuka kama siki iliyomwagikiwa na rangi ya viatu. Kazi ya Mama Vidudu ilikuwa kumwogesha pacha huyo. Aliyapitisha maji kwenye matangi ya bakteria waliokula asidi na uchafu mwingine, akayapitisha kwenye mchanga na tando za kuchujia, na mwisho kwenye chujio kubwa la mkaa lililoondoa rangi na harufu. Yakitoka hapo yalirudi kupoza mitambo, na yaliyozidi yalikwenda kwa bomba kumwagilia miti nje ya ukuta. Hivyo kiwanda kiliacha kuunyonya mto, na mji ambao bomba zake zilitoa maji siku moja kwa wiki na hewa siku sita ulianza kutumaini siku mbili.

Tatizo ni kwamba mji haukuamini. Walisema miti ile ina sumu, na kivuli chake kinaumiza kichwa. Ndipo afisa uhusiano wa kiwanda, kijana mwenye viatu vya kung'aa, akapata wazo la glasi.

Mama Vidudu alipoambiwa achote maji tangini kwa ajili ya mgeni, alikataa. Alisema maji yale ni ya mitambo na miti, na hajawahi kusema ni ya kunywa.

"Nasi hatusemi ni ya kunywa, dada," afisa uhusiano alimjibu kwa upole. "Tunasema atakunywa."

Mkuu wake wa kazi, mtu mzima ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Utaratibu pale ambapo hayupo, alikuna kidevu na kuamua kwamba, kwa usalama wa mgeni, yanunuliwe ya dukani. Mama Vidudu aliona heri nusu shari kuliko shari kamili. Akajaza jagi.

Mgeni rasmi alikunywa glasi nzima, akajifuta midomo, akasema tangu azaliwe hajaonja maji matamu kama yale. Waliotengeneza yale maji ya chupa wangefurahi kumsikia. Kisha akaongeza jambo ambalo halikuwamo kwenye hotuba, kwamba kuanzia leo mtu asiwadanganye, maji haya ni safi kuliko ya bomba zao. Umati ulipiga makofi. Mama Vidudu, aliyekuwa amesimama nyuma ya meza akishikilia sinia, naye alipiga makofi, kwa mkono mmoja na sinia.

*

Jina la Mama Vidudu halikuwa la heshima. Alilipata siku alipojaribu kueleza, katika kibanda cha kunyolea cha mumewe, kwamba kazi yake ni kulisha bakteria. Wateja walicheka mpaka mmoja akakatwa sikio. Tangu hapo, miaka minne, wanawake kwenye foleni ya zahanati walisogea kidogo akikaa karibu nao. Mama mkwe wake, aliyeishi nao tangu afiwe na mumewe, hakuwahi kumtukana hata siku moja. Alimnunulia tu beseni lake la bluu la kufulia ovaroli, akaliweka nje karibu na shimo la taka, na kikombe chake mwenyewe cha chai akawa analala nacho chumbani.

Siku ya sherehe mama mkwe alikuwa safu ya tatu, kiti cha pembeni. Mama Vidudu aliporudi nyumbani alikuta kiti kimevutwa, chai imemiminwa, na majirani wawili wameketi kumsubiri. Mama mkwe alimwita mwanangu. Alimwita hivyo mara tatu kabla kikombe hakijaisha. Akawaambia majirani kwamba mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni; huyu mtoto amehangaika na maji yale miaka yote, watu wakimcheka, na leo wakubwa wanakuja kuyanywa.

"Watu wengine hapa," alisema, akiwatazama majirani kana kwamba yeye hayumo, "walikuwa wanamtenga."

Hapo ndipo Mama Vidudu alipopaswa kusema. Maneno yalimfika kwenye ulimi. Lakini mumewe alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu kama bwana harusi, na binti yao wa miaka mitano alikuwa amekalishwa kwenye paja la bibi yake akiambiwa mama yako ni mtu mkubwa. Kesho nitasema, akajiambia. Akanywa chai. Heshima ni tamu, na mtu aliyeikosa miaka minne haimwagi siku ya kwanza kuionja.

Kesho yake hakusema. Keshokutwa, kwenye foleni ya zahanati, mwanamke mmoja alimpisha akae.

*

Siku ya nne alitoka zamu ya asubuhi, akafika nyumbani alasiri, akakuta jikoni madumu sita ya njano yamepangwa kama wanafunzi mstarini. Binti yake alikuwa mezani akipuliza kikombe cha chai. Mama mkwe alikuwa akimenya vitunguu na kuimba taratibu.

Aliuliza maji yametoka wapi, maana siku ya bomba ilikuwa bado. Mama mkwe alieleza kwa furaha. Nyuma ya ukuta wa kiwanda, pale bomba la bustani linapomwaga kwenye mtaro wa miti, watu wamegundua kwamba maji yanatoka mchana kutwa, tena bure. Nusu ya mtaa iko kule. Yeye alipofika walimpisha mbele, kwa kuwa ni mama mkwe wa mwenye maji.

Mama Vidudu alikichukua kikombe mkononi mwa mtoto, akaimwaga chai kwenye bomba la maji machafu. Mtoto aliangua kilio. Mama mkwe aliweka kisu chini.

"Mama, maji haya hayanywewi."

"Mgeni rasmi kanywa. Nilimwona koo likipanda na kushuka."

"Alikunywa ya dukani. Nilimimina mimi, kwa mikono hii."

Mama mkwe alimtazama. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayepiga hesabu ya jambo gumu.

"Kwa hiyo siku ile ulitudanganya watu wote, na mimi nikiwemo," alisema mwishowe. "Au unanidanganya sasa. Chagua moja, mwanangu, nijue naishi na nani."

Mama Vidudu alimbeba mtoto akaenda kumnyamazisha uani. Mumewe aliporudi alisikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa imemzoesha kukubaliana na yeyote aliye kwenye kiti, aliona kila mmoja ana hoja. Baadaye alimvuta mkewe pembeni. Kule kibandani, alimwambia, maneno ni mengine kabisa: watu wanasema wafanyakazi wanataka kulifunga bomba ili maji yatiwe kwenye chupa na kuuzwa.

Alimweleza mumewe polepole, kama anavyowaeleza wageni wa kiwandani. Bakteria ni viumbe. Mtambo ukiwatupia asidi nyingi kwa mkupuo, wanazirai, na wakizirai uchafu unapita bila kuliwa. Mwezi uliopita walizirai mara mbili. Mitambo haijali, miti nayo huvumilia. Lakini chujio la mkaa linaondoa harufu bila kuondoa kila kitu, kwa hiyo siku mbaya na siku nzuri maji yanatoka yanang'aa vilevile, na pua ya mtu haiwezi kumwonya.

"Kwa hiyo umeyasafisha mpaka yamekuwa ya hatari," mumewe alisema.

Hakuwa anatania. Ndivyo alivyoelewa, na Mama Vidudu, alipofikiri, aliona ameelewa sawasawa.

Asubuhi binti yao aliamka na tumbo la kuendesha. Nyumba ya pili watoto wawili walikuwa hivyohivyo. Mama mkwe aliilaumu sukari.

*

Kabla ya kuingia kazini alipita bombani. Foleni ilianzia kwenye mtaro mpaka kona ya ukuta. Alisimama juu ya jiwe akawaambia, kwa sauti aliyojaribu kuifanya iwe ya kawaida, kwamba maji yale si ya kunywa wala kupikia, na kwamba watoto wameanza kuumwa matumbo.

Fundi viatu, aliyekuwa wa tatu kwenye foleni, alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Miaka minne ulituambia maji haya hayana neno, tukakataa," alisema. "Leo tumekubali, unatuambia yana neno. Wewe mama unataka tuwe upande gani?"

Watu walicheka. Alijaribu kueleza kwamba alichosema miaka yote ni kuwa maji hayana neno kwa miti, lakini mwanamke mmoja kutoka nyuma alimshauri kwamba kama anayataka apange foleni kama wenzake, si kuwatisha watu ili wampishe. Ilikuwa ni yule yule aliyempisha kiti zahanati.

Ofisini aliwakuta Bwana Utaratibu na afisa uhusiano, akawaomba moja kati ya mambo matatu: kibao cha onyo pale bombani, gari la kipaza sauti lipite mitaani, au koki ya bustani ifungwe.

Afisa uhusiano alimwonyesha dirishani. Kwenye lango kuu lilikuwa limetundikwa bango refu kama nyumba, mgeni rasmi akiwa na glasi mdomoni. Aliuliza, wakiandika kwamba maji si ya kunywa, mgeni rasmi atakuwa alikunywa nini? Gari la kipaza sauti lilikuwa na shida hiyohiyo, kwa sauti. Na koki haiwezi kufungwa, kwa kuwa miti kumi na miwili iliyo mbele ilipandwa na mgeni rasmi kwa mkono wake, na ikikauka itakuwa habari. Ufunguo wa mnyororo wa koki alikuwa nao yeye mfukoni, na aliupigapiga kidogo ili waone upo.

Bwana Utaratibu alisema kuna mpango wa kulijengea bomba uzio. Maombi yameshaandikwa. Yatapita kwa mhasibu, yatapita kwa manunuzi, kisha atafutwe fundi. Kwa utaratibu wa kawaida ni wiki mbili au tatu.

"Na wakiugua kabla ya hapo, mkuu?"

"Matumbo ya watoto yana sababu nyingi, mama. Mtu akiugua, tuna fomu ya kujaza." Alifungua droo kama anayetaka kuithibitisha, kisha akaifunga. "Ya mtu atakayeugua hatuna."

*

Saa nne asubuhi alichukua sampuli kwenye tangi la mwisho, akaipima. Asidi ilikuwa imepanda. Haikuwa nyingi kiasi cha kuidhuru mitambo wala miti. Kwenye kitabu cha kiwanda namba ile iliruhusiwa. Aliirudia mara ya pili akitumaini amekosea, na namba haikubadilika. Aliinua glasi ya maabara kwenye mwanga. Maji yalikuwa meupe, matulivu, mazuri. Aliyanusa. Hayakuwa na harufu yoyote, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hilo lilimtisha.

Alitoka akaenda kusimama mbele ya chujio la mkaa. Lilikuwa tangi refu la chuma, na kando yake palikuwa na bomba la kupitia pembeni, lililowekwa kwa ajili ya siku za kubadilisha mkaa. Koki mbili. Ukifunga hii na kufungua ile, maji hayapiti kwenye mkaa hata kidogo. Bakteria wataendelea kula, tando zitaendelea kuchuja, mitambo itapata maji yake ya kupozea. Kitakachorudi ni rangi ya manjano na ile harufu ya siki na viatu.

Harufu ile alikuwa amepigana nayo miaka minne. Ilikuwa imemfuata nyumbani kwenye nywele, ikamkosesha usingizi, ikamfanya mama mkwe anunue beseni. Siku alipoishinda, hakukuwa na mgeni rasmi wala makofi. Alikaa peke yake kwenye ngazi ya tangi akanusa kiganja chake na kulia kidogo kwa furaha. Sasa alikuwa anakwenda kuifungulia mlango.

Alifunga koki ya kwanza. Ya pili ilikuwa ngumu, ikabidi aikanyage kwa kisigino.

Kwenye daftari la zamu alikaa na kalamu muda mrefu. Hakutaka kuandika uongo, na ukweli haukuwa na safu yake. Mwishowe aliandika: Chujio la mkaa haliko kazini. Aliisoma sentensi ile akaona kwamba afisa uhusiano mwenyewe asingeiandika vizuri zaidi.

*

Inasemekana fundi viatu ndiye aliyetema wa kwanza. Alikuwa amekinga dumu, akaonja kwa kiganja kama ilivyokuwa desturi yake, akasema maji haya yana gundi. Waliokuwa nyuma yake walinusa. Walisubiri kidogo, wakidhani ni la kupita, na halikupita. Saa kumi jioni pale bombani hapakuwa na mtu, ila miti kumi na miwili ya mgeni rasmi ikinywa kimyakimya.

Nyumbani mama mkwe alikuwa uani akimwaga madumu moja moja. Majirani walikuwa wamesimama kwenye kizingiti chao, na yeye alizungumza nao kwa sauti ya kufika mbali.

"Siku nne tu tumempa heshima mtu," alisema, "na siku ya tano kazi imemshinda."

Mama Vidudu aliwaamkia wote. Aliitikiwa na mmoja. Alivua ovaroli, na alipotaka kuitia kwenye beseni la pamoja, ambalo siku nne hizi alikuwa akiruhusiwa kulitumia, mama mkwe alikohoa. Aliichukua akaipeleka nje kwenye lile la bluu.

Mumewe alikuja kumsaidia kukamua. Alikuwa amekwisha ambiwa yote. Alikuwa mtu pekee aliyeambiwa. Mchana kutwa alikuwa amewanyoa watu wakimsema mkewe, wembe ukiwa shingoni mwao, na hakujibu neno. Sasa alitaka kwenda kumweleza mama yake. Haikuwa haki, alisema, mtu aokoe mtaa kisha atemewe mate.

"Mama yako ukimwambia, kesho asubuhi mtaa mzima unajua," alimjibu. "Na wakijua kuwa nimeyatia harufu makusudi, watasema chini ya harufu maji ni mazuri. Watayachemsha, watanywa."

Mumewe alifikiri. "Kwa hiyo tukae na aibu."

"Tukae nayo mpaka uzio ujengwe."

Walikamua ovaroli, kila mmoja akivuta upande wake, mpaka ikaacha kudondosha. Ndani binti yao alikuwa akicheka na bibi yake. Tumbo lilikuwa limetulia, na mama mkwe alikuwa akimweleza kwamba ni kwa sababu amepunguziwa sukari.

*

Ijumaa aliitwa ofisini. Barua ilikuwa imeshachapwa, na muhuri umeshapigwa. Bwana Utaratibu alimsomea mwenyewe, kwa kuwa utaratibu ulitaka asomewe: mtumishi amepewa onyo la kwanza la maandishi kwa kushindwa kudhibiti harufu katika maji yaliyosafishwa, jambo lililoshusha hadhi ya kiwanda mbele ya jamii siku chache tu baada ya jamii hiyo kuanza kukiamini. Onyo la tatu lingekuwa la kumwondoa kazini. Chini palikuwa na mstari wa sahihi.

Aliitia sahihi. Alikuwa amejiandaa kujitetea, akaona maneno yote aliyoyaandaa yangemwongezea onyo la pili.

Bwana Utaratibu aliivuta karatasi upande wake, akaitazama sahihi ile, akaikunja. Kisha akavuta daftari la zamu, akalifungua kwenye ukurasa wa siku ile, akaweka kidole chini ya sentensi yake.

"Chujio hili," alisema bila kuinua macho, "litakuwa haliko kazini hadi lini?"

Mama Vidudu aliutazama ule utosi wenye mvi. Hakujua kama ni mtego. Akashika mgongo wa kiti.

"Uzio utakuwa tayari lini, mkuu?"

"Nimezungumza na manunuzi jana. Nimewafuata mpaka mezani kwao. Wanasema siku kumi."

"Basi chujio lina ubovu wa siku kumi."

Bwana Utaratibu alichukua kalamu akaandika, taratibu, kwa mwandiko wake wa kupanga herufi: Matengenezo, siku kumi. Akapiga sahihi. Alifunika kalamu, akalisukuma daftari kando, na kwa muda alikaa akipanga bahasha ambazo zilikuwa zimeshapangika.

"Mke wangu alikuwa na madumu matatu," alisema. "Nilimkataza siku ile ile ya kwanza. Akaniambia ninyi watu wa kiwanda mna choyo."

Mama Vidudu aliuliza kama barua basi inaweza kurudishwa.

"Barua inabaki," alisema Bwana Utaratibu. "Bila barua, mtu atauliza kwa nini yananuka."

Akampa nakala yake. Mama Vidudu aliikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa ovaroli, akarudi kwenye matangi. Ilikuwa saa ya kulisha bakteria, na wao hawakuwa na habari ya lolote.